Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa masomo hifadhini

Walimu na wazazi wanachama, habari zenu, wakubwa wote shikamooni. Hii ndo taarifa ya mwaka, naanza na lililoniuma.

Trip ya kwanza ya watoto, toka hapa Dar kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, haikuenda vizuri. Basi tuliloahidiwa saa kumi alfajiri likaja saa mbili, mpaka tumevuka Chalinze na Morogoro tunafika getini jua la utosi, wanyama wamejilalia kivulini, watoto hoi, wakaona swala kwa mbali dirishani tukageuza. Nilipitia madaftari yao tukiwa njiani, mengi hayana kitu. Iliniuma maana kuna wazazi wamejinyima kwa ile hela.

Ya pili tukabadilisha, watoto wachache, tukalala Mikumi mjini, geti linafunguliwa tupo, na kila mwalimu kaja na somo lake. Askari wa hifadhi akawauliza twiga ana mifupa mingapi shingoni, wakataja ishirini, wengine hamsini, akawaambia shikeni shingo zenu, ni saba kama yenu ila yake ni mirefu, basi zima likawa linajishika shingo! Pale bwawa la viboko, ambapo mnaruhusiwa kushuka garini, akapasua kinyesi kikavu cha tembo kwa kijiti, ndani nyasi nzimanzima na mbegu, akaeleza tembo anaweza kula hata kilo 150 kwa siku na zaidi ya nusu inatoka bila kusagika, kwa hiyo mbegu anatembea nazo na kuzipanda mbali. Binti wa darasa la tano akauliza, sasa tembo wakiisha hiyo miti ataipanda nani? Mwalimu wake wa sayansi akaniambia miaka yote hajawahi kuulizwa swali kama hilo darasani. Hata lile bango la faini za kugonga wanyama, kwenye barabara ya Iringa inayokatiza hifadhi karibu kilomita 50, mwalimu wa hesabu aliligeuza zoezi la kubadili dola kuwa shilingi.

Kwa hiyo msimamo wangu, trip ya kwenda kuona simba tu tuachane nayo, tusipokuwa na somo tusiende.

Mwakani napendekeza tuanzie msitu wa Pugu, ni hapa hapa na hata mwenye hela kidogo atamudu, halafu Mikumi twende na treni ya SGR mpaka Morogoro, ni mwendo wa kama saa mbili tu, pale ndo tukodi basi, hatutakaa tena stendi tunasubiri mtu. Saadani nayo naitamani sana, hifadhi pekee ya taifa ya Tanzania bara inayogusa bahari ambapo kasa wanapanda kutaga, watoto wa Dar wanaiona bahari kila siku lakini kasa wengi hawajamuona.

Hesabu zote mhazini ataleta kwenye kikao. Ambao hamjamaliza ada naomba mmalize kabla shule hazijafunguliwa, na walimu mje na mada zenu za Pugu zimeandikwa.