Ukija Julai, tutaogelea wapi?

Milimani,
Nakuru.
Mwisho wa Mei.

Sista wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Jumamosi nikaibeba na kuisomea kundi letu zima la kukimbia, maana mwenyewe ulisema salamu ni za wote. Nilipofika pale mnapovua majaketi ufukweni Portobello, huko kwenu Edinburgh, Uskoti, mwezi wa pili, bahari ikiwa nyuzi tano au sita, Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. Kijana wetu wa kinyozi akauliza kama mnalipwa. Mama wa Free Area, yule anayeuza mitumba, hakusema kitu, ila baadaye tukiwa tunateremka mlima alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama Sista yuko sawa huko alikokwenda.

Nikamwambia yuko sawa kuliko alivyokuwa. Mwaka ule wa kwanza barua zako zilikuwa mistari minne, mitano, na zote zilihusu giza. Unaingia zamu giza, unatoka zamu giza. Desemba jua la Edinburgh linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa tisa na dakika arobaini mchana limeshazama. Mtu aliyekulia huku, ambako jua ni la saa kumi na mbili na nusu Januari hadi Desemba, halina maringo wala likizo, atazoeaje hayo? Sasa unaniandikia kurasa tatu kuhusu wanawake wanaokungoja ufukweni na chupa ya chai, mkimbie kwanza mchangani, muingie baharini, mtoke mkicheka kama watoto. Hizi ndizo barua nilizokuwa nazingoja, hata kama zimejaa maji ya barafu.

Lakini kuna sehemu moja sikuipenda, na nitaisema kabla sijajibu swali lako. Uliandika kwamba wenzako wanaingia polepole wakipiga soga, wewe unajitupa mzima mzima, kichwa na vyote, "ili yaishe". Sista, wewe ni muuguzi! Tunaye daktari wa zahanati anayekimbia nasi, nilimsomea sentensi hiyo akaguna. Akatueleza kwamba maji ya baridi namna hiyo yakigusa ngozi ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Pumzi hiyo ikikukuta uso uko chini, unavuta bahari. Moyo nao unapewa amri mbili kwa pamoja: ngozi iliyoshtuka inauambia kimbia, uso uliolowa na pumzi iliyofungwa vinauambia tulia. Moyo wenye afya huvumilia. Wenye ugonjwa wa moyo, hata wasiojua kuwa wanao, hapo ndipo wanapopata matatizo. Dakika mbili tatu za kwanza ndizo za kuogopwa, pumzi ikishatulia ndipo mtu aogelee. Fanya kama wale akina mama. Soga zao si uvivu; anayeweza kuongea ni mtu ambaye pumzi yake imerudi.

Na usiende mbali na ufuko. Vidole na mikono hupoteza nguvu mapema sana, muda mrefu kabla mwili wenyewe haujapoa, ndiyo maana hata muogeleaji hodari huzama akiwa anawaona watu nchi kavu. Kutoka nako kuna utaratibu wake. Ule mtetemeko unaokupata ukiwa tayari umevaa, mpaka chai inamwagika, ni kwa sababu mwili unaendelea kupoa hata baada ya kuyaacha maji. Kwa hiyo vua vilivyolowa upesi, anza kuvaa juu, tia kofia, kunywa kitu cha moto, tembea kidogo. Bafu la maji moto lisubiri, na usukani wa gari usubiri pia.

Mwalimu, unavyomjua, hakukubali somo lipite bila historia. Alituambia kwamba London kuna klabu ya waogeleaji wa ziwa la Serpentine tangu 1864, na kila Krismasi wanashindana asubuhi, kwa hiyo huo wazimu wenu una umri mkubwa kuliko reli yetu. Akaongeza habari za Lewis Pugh, aliyeogelea kilomita moja huko Ncha ya Kaskazini mwaka 2007, maji yakiwa nyuzi 1.7 chini ya sufuri, kwa dakika 18 na ushei. Mama wa Free Area akasema huyo alikuwa na timu nzima inamtazama. Sista ana nani? Nikamjibu: ana akina mama wenye chai. Akaridhika, ila anataka uahidi kwamba huendi peke yako, hata siku moja, hata wakikosa kuja. Andika ahadi hiyo kwenye barua ijayo, nitamsomea.

Haya, swali lako. Ukija Julai tutaogelea wapi?

Najua unawaza maziwa. Ukiwa mbali, nyumbani kunaonekana maji matupu. Ziwa letu hapa, la Nakuru, liondoe akilini: ni la magadi, liko ndani ya mbuga, na wenyeji wake ni nyati, viboko na wengine ambao hawakualiki. Tena utalishangaa. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa maji yamekuwa yakipanda, yamemeza barabara na lango la zamani, na miti imebaki imesimama majini imekauka. Magadi yakipungua ukali, chakula cha heroe nacho hupungua, ndiyo maana wale ndege waliokuwa wanapaka ukingo rangi ya waridi ulipokuwa mdogo wengi wamehamia ziwa Bogoria. Tutakwenda kutazama, hatutaingia.

Kisumu je? Mjomba wako wa Dunga bado anakuulizia na tutakwenda, hilo halina mjadala. Lakini kwanza, huko baridi utaitoa wapi? Maji ya ziwa Victoria ni nyuzi ishirini na tano hivi, hao wenzako wa Portobello wangeyaita supu. Pili, kuna viboko wanaojificha kwenye mafunjo na magugumaji. Tatu ni kichocho, na hapa sina haja ya kukufundisha kazi yako: konokono wanawatoa wale vijidudu zaidi jua linapokuwa kali, wanapenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Najua utotoni mlikuwa mnaoga pale kila likizo. Na najua pia mlimezeshwa dawa. Twende Dunga tule ngege na ugali, tukae kwenye kivuli, tukodishe mashua na makoti ya kuokolea. Miguu ibaki ndani ya mashua.

Kwa hiyo ukitaka kulowa, nina mawili ya kukupa. Kuna bwawa la hoteli tunaloruhusiwa kuingia alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Halipashwi moto, na usiku wa Julai hapa nyuzi zinashuka hadi tisa au kumi, basi ukitia mguu asubuhi utajisikia uko nyumbani. Wengi wetu tumejifunza kuogelea pale tukiwa na watoto wa sekondari. Kinyozi bado anashika ukingo. Mwalimu anaelea kama gogo na kujiita nahodha. Mlinzi wa bwawa huwa anakuja kutuangalia akiwa na koti zito la jeshi, kofia ya mavini imefika nyusi, na anatikisa kichwa vilevile kama wanavyowatikisia ninyi huko.

Cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, na kitakuchekesha. Bonde la Ufa halina habari ya maji baridi, lenyewe linapasha. Kekopey, upande wa ziwa Elementaita, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto na watu wanaoga pale pale nje, upepo wa ziwani ukiwapiga masikioni. Tukienda Bogoria, huko ndiko usithubutu hata kuonja kwa kidole. Chemchemi zake zinachemka, wageni wanachemshia mayai. Ninyi mnaingia kwenye baridi mkitafuta moto mkiwa mmetoka. Sisi tutakimbia kwenye baridi, halafu tukalale kwenye moto kama mabwanyenye.

Maana kukimbia utakimbia, Sista. Julai nzima.

Ratiba yetu haijabadilika sana tangu uondoke. Jumamosi tunakutana kituo cha mafuta kukiwa bado giza, kila mtu na pumzi yake inatoka mvuke. Mama wa Free Area anavaa soksi mikononi, anasema glavu ni za wenye pesa. Tunapanda taratibu na barabara ya Milimani mpaka kuanza kwa mikalitusi, hapo tunasimama tunangoja mwanga. Msituni hatuingii gizani wala mtu hapiti peke yake, na hilo si kwa ajili ya fisi, ni kwa ajili ya watu. Kukishapambazuka tunaendelea hadi juu ya Menengai. Ukifika ukingoni upepo unakukata machozi. Chini yako lile shimo la volkano, upana wake kilomita kumi na mbili kwa nane, karibu mita mia tano kwenda chini, mawe meusi ya lava na mvuke mweupe wa visima vya umeme wa jotoardhi unapanda wima asubuhi ambayo haina upepo chini. Mwalimu huwa anaanza kutueleza historia hapo, sisi tunaanza kushuka.

Sasa usije na kiburi cha bahari. Baridi umeizoea, sikatai, utakuwa na kaptura wakati sisi tuna sweta mbili. Watu wa Molo nao wanatucheka, wanasema Nakuru hakuna baridi, kuna malalamiko tu. Ila kitakachokupima hapa ni hewa. Kile kilima cha Arthur's Seat unachojisifia kukipanda kina mita 251. Mimi nikiwa nimelala kitandani, shuka imefika kidevuni, niko juu yake mara saba. Mji wetu uko mita 1,850 hivi na ukingo wa Menengai 2,278. Hewa ya mjini ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ufukweni kwako, na kule juu inakaribia robo. Ulizaliwa humu, lakini damu imeshasahau. Wiki ya kwanza ukipanda ngazi za nyumba yangu utasimama katikati ujifanye unatafuta simu.

Kwa hiyo tumepanga hivi, na hatujakuomba ruhusa. Jumamosi yako ya kwanza hukimbii mlima, unakuja nasi mpaka kwenye mikalitusi, unageuka na kinyozi, ambaye goti lake linamsumbua. Ya pili unapanda nusu kwa kutembea. Ya tatu twende juu, na kanuni ni ile ile: mwendo unawekwa na aliye nyuma. Siku zote nyuma huwa Mama wa Free Area, na ameomba nikwambie kwamba nafasi hiyo anakuachia kwa roho safi. Kule juu kuna mtu wa chai ya tangawizi na mayai boilo, anakukumbuka, bado anasema una deni.

Kuhusu lile koti refu la kubadilishia nguo ufukweni, lililoshonwa kama blanketi ndani, lilete. Nataka kuliona kwa macho. Fundi wa Bondeni amesema akilipata kwa siku moja anaweza kutushonea mengine kwa mablanketi ya Kimaasai, na bei aliyonitajia ni ya kibinadamu. Kofia za kuogelea mbili tatu pia, hapa nzuri ni ghali. Chokoleti usijisumbue, pacha wana meno mabaya.

Niandikie tarehe ya ndege mapema. Nikijua unatua usiku nitakuja na gari la shemeji hadi Nairobi. Ukitua asubuhi panda tu matatu, ukifika Lanet nipigie simu. Ile wiki ya kwanza unalala kwangu, mama yako tumeshazungumza naye na amekubali kwa shingo upande.

Wasalimie hao akina mama wa chai. Waambie Julai tunakuazima, Agosti tutakurudisha.

Ni mimi mwenzako,
Mama Pacha.

N.B. Mwalimu anauliza kama hao wenzako wanaweza kuja nawe mwakani. Anasema atawapandisha Menengai mwenyewe. Nimemwambia kwanza aache kuelea.