Risala ya Kikundi cha Mbio za Magari ya Rimoti kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, wazazi, majirani na wanamichezo wenzetu,

Karibuni sana. Tunakushukuru kwa kuja, maana wengine tuliowaalika waliposikia "magari ya rimoti" walidhani ni sherehe ya chekechea.

Magari yetu ni mfano wa magari halisi, yamepunguzwa takriban mara 28. Moja lina urefu wa sentimita 16 hivi na hutumia betri nne nyembamba, kama za rimoti ya televisheni. Aina hii ilivuma baada ya kampuni ya Kyosho ya Japani kutoa Mini-Z mwaka 1999. Tamiya, Wajapani wenzao, walishatoa Porsche 934 ya rimoti tangu 1976, ila lile ni kubwa, linataka eneo. Udogo ndio uliotuokoa: tukiondoa viti ukumbini na kutandika mikeka ya sponji, uwanja tayari.

Ndugu Mgeni Rasmi, kila mtu hutuuliza hela iko wapi. Mwanzo tulidhani iko kwa watazamaji. Tukakodi viti 60, tukabandika matangazo, tukaweka kiingilio. Walikuja watu 11, na waliokaa safu ya pili walisimama kuuliza gari liko wapi. Kitu cha ukubwa wa nusu mche wa sabuni, kikipita kona kwa kasi, unaona rangi tu. Viti tulivilipia vyote.

Jibu lilikuja lenyewe. Baba mmoja alimleta mwanawe, akalipa shilingi 2,000 za dakika 10. Mtoto alipomaliza, baba akasema, "Hebu nipe." Alilipa mara nne, hadi mtoto akasinzia kitini. Tangu siku ile hatuuzi tena tiketi za kutazama. Tunakodisha rimoti.

Kuna na spea. Anayenunua gari lake huligonga ukutani jioni ya kwanza, na mara nyingi kinachovunjika ni kile kile: kishikio cha plastiki cha tairi la mbele, kidogo kama punje ya mahindi. Kikikosekana, gari zima linalala kabatini na mwenyewe haonekani tena. Gari mtu hununua mara moja. Matairi na giya hurudi kuvinunua. Kwa maoni yetu, anayetaka kuishi kwa mchezo huu afungue duka la spea kwanza, uwanja baadaye. Hapo ndipo tulipokwama. Tunaagiza kidogo kidogo, na nauli ya kifurushi wakati mwingine inazidi bei ya kilichomo.

Tuna maombi mawili. Tupatiwe ukumbi huu jioni mbili kwa wiki kwa kodi nafuu, na tuunganishwe na mkopo wa kuagiza spea za miezi sita kwa mkupuo. Kombe hatuombi. Tunalo, tunatunzia penseli.

Sasa tunakuomba ufungue mbio. Gari lako ni la bluu, betri zimejaa. Jihadhari na kona ya mlangoni, vishikio vya mbele vimebaki viwili.

Tunaomba kuwasilisha.