Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: maji ya batiki na jua letu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira,

Salaam na heri ya kazi. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, Dar es Salaam, na mke wangu hutengeneza batiki. Nakuandikia kuhusu maji yanayobaki kitambaa kikishasuuzwa, na kukuomba ujaribu kuyasafisha kwa mwanga wa jua.

Maji hayo yana rangi, kostiki soda (magadi makali), haidrosulfaiti (kemikali ya kuyeyushia rangi) na masalia ya nta. Huku kwetu humwagwa mtaroni, na mtaro huishia Msimbazi, mto unaowamwagilia watu mchicha bondeni kabla haujafika baharini. Viwanda vya nguo navyo vina maji ya namna hii, tena kwa wingi. Rangi za nguo zimeundwa zisichujuke kwa sabuni wala jua, ndiyo maana mtoni haziozi upesi. Zinazuia mwanga usifike chini, na baadhi ya zile za jamii ya azo, zikivunjwa na bakteria kwenye tope lisilo na hewa, hutoa kemikali zinazoweza kusababisha saratani.

Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kwamba titaniamu dayoksaidi, unga mweupe uleule wa rangi za ukutani, ukimulikwa unaweza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Nguvu hiyohiyo huzalisha radikali huru, yaani chembe kali zisizotulia, zinazorarua molekuli za rangi na kutoboa ngozi ya bakteria. Kasoro yake ni kwamba unga huo ukiwa peke yake hutumia mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya mwanga wa jua. Kwa hiyo watafiti huunganisha chembechembe zake za nano, yaani ndogo mno, na vitu vingine: kaboni naitraidi inayopokea mwanga wa kawaida, madini ya fedha yanayoua vijidudu, au oksaidi ya chuma ili unga uopolewe kwa sumaku baada ya kazi.

Nisikufiche, Mheshimiwa. Majaribio mengi hufanywa kwa methilini bluu, rangi moja ya maabara, ndani ya maji safi, chini ya taa ya maabara. Maji ya uani kwetu ni mazito, mwanga haupenyi hata vidole viwili. Halafu kuna zile picha za chupa mbili za kabla na baada ya jaribio, moja ya buluu na nyingine nyeupe, ambazo binafsi zimenichosha. Rangi ikitoweka, vipande vya molekuli vinaweza kubaki majini, na vingine ni sumu kuliko rangi yenyewe. Fedha ikivuja kutoka kwenye unga, itaua viumbe wa mtoni vilevile.

Ndiyo maana siombi ununue teknolojia hii. Naomba uijaribu kwa maji yetu halisi. Wataalamu tunao: Dk. Askwar Hilonga, akiwa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la maji la nano. Tenga fungu dogo kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, kikundi kimoja cha batiki kijengewe tangi la kutulizia maji na kupunguza makali ya kostiki, kisha tangi pana la kina kifupi juani, lenye unga huo. NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, ndio wapime, wala si muuza unga, na wasipime rangi peke yake: wapime mahitaji ya oksijeni (kiasi ambacho uchafu hunyonya majini), bakteria na fedha iliyovuja. Majibu yatangazwe hata yakiwa mabaya, na kikundi hicho kisitozwe faini wakati wa majaribio.

Viwanda vikubwa visijifiche nyuma ya jaribio hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inawabana tayari, na njia za kawaida za kusafisha maji zipo.

Jaribio lianze kiangazi, lakini lisiishie hapo. Liendelee hadi masika, tujue unga huu unafanya nini siku ya mawingu mtaro ukiwa umejaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa kemia, Dar es Salaam