Kaka, Safari naiweka chini ya kitanda

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, na WhatsApp naona tiki mbili za bluu halafu kimya. Shemeji ameniambia kwamba usiku ukitoka kazini huwa unapita hapa kusoma ninachoandika. Basi naandika hapa hapa. Watakaosoma wengine wasome, sina la kuficha.

Huku Kilolo, milimani Iringa, ni baridi sasa. Mwezi wa sita unaujua. Ukungu unakaa bondeni hadi saa nne, na watoto wanaenda shule wamejifunga mashuka juu ya sweta. Ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, umekwisha tangu katikati ya Mei. Mvua zikikata, chipukizi zinakauka mdomo, na hakuna mgema duniani anayeweza kuzilazimisha. Jana jioni nilikaa jikoni kwa mama, maana bado tunapaita jikoni kwa mama, nikafungua chupa moja ya bia ya Safari. Nikakukumbuka, nikakasirika, nikakukumbuka tena.

Bia umenifundisha wewe. Mwaka ule nilipokuja kwako Tandika kutafuta kazi, ulinikalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya ile grosari ukasema nianze na Kili, yaani Kilimanjaro, ni nyepesi, haitanitupa. Ile asilimia 4.5 na lile joto la Dar vinaelewana kweli. Chupa ilitoka kwenye friji inatiririka maji, nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto. Sijasahau, kaka. Ulilipa wewe, na nauli ya kurudi ulinipa wewe.

Lakini huku juu Kili haijanikaa. Ukienda dukani mwezi huu unaulizwa, "Ya moto au ya baridi?" na wote tunajibu ya moto, yaani iliyokaa kwenye kreti bila kuona friji. Kili ya moto inabaki maji yenye povu. Safari ndiyo inayostahimili kunywewa hivyo. Ina asilimia 5.5, ina uzito, ukiimeza unaisikia inashuka hadi tumboni. Mimi hata kwenye kreti siiachi, maana sakafu ya stoo ni barafu. Naiweka chini ya kitanda, upande wa ukuta wa jikoni, moto wa jioni unaifikia kidogo. Shemeji yako amezoea. Na Safari ni rika lako, ilianza kupikwa 1977, mwaka wa CCM na mwaka wako. Mama alikuwa akiniona na chupa anasema, "Unakunywa kaka yako."

Nyingine nazipitia tu. Serengeti nakunywa nikishuka Iringa mjini, nikikuta wenzangu pale Kihesa wanaagiza hiyo. Castle Lite na Ndovu ni za vijana na za harusini. Ila Kibuku, pombe ya nafaka ya kiwandani, naiheshimu kuliko watu wanavyodhani. Komoni, pombe ya nafaka ya kienyeji, ikikosekana, na siku hizi wapikaji wamebaki wachache, Kibuku ndiyo ndugu yake wa karibu. Ina ukungu uleule na uchachu uleule, na inaendelea kuchacha ikiwa ndani ya pakiti, kwa hiyo ya leo si ya keshokutwa, lazima ujue umri wake kabla hujaifungua. Mama aliwahi kuionja. Aliizungusha mdomoni muda mrefu, akasema, "Hii imepikwa na mtu." Bia ya chupa hakuwahi kuisemea neno hilo. Alisema tu ni chungu. Ni ile hopsi, ua chungu linalotiwa kwenye bia, nilimweleza. Akaniuliza kwa nini mtu atie dawa chungu kwenye pombe isiyo na ugonjwa.

Najua unaona ninazunguka. Nakuja.

Aprili 2016, sendofu ya mdogo wetu. Kamati ilihesabu watu 150, wakaja zaidi ya 300, kama kawaida ya kwetu. Mama alikuwa amewasimamia wagema wiki nzima. Unakumbuka kazi ile ilivyo, au Dar imekufutia? Chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, linafungiwa mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, kisha kila asubuhi na kila jioni mgema anarudi kulikata tena upande mwembamba kama ukucha, la sivyo jeraha linapona na machozi yanakoma. Mama mwenyewe, na magoti yale, alikuwa anazunguka kichakani alfajiri anachungulia mbeta moja moja, anatoa nyuki waliozama kwa kijiti, anawaweka juu ya jani wakauke, wengine wanaruka. Mtogwa, ulanzi mbichi mtamu, wa asubuhi aliuweka pembeni kwa ajili ya wanawake na watoto. Uliolala akauacha uwe mkangafu, ule mkali, kwa ajili ya wazee. Yakapatikana madumu saba, lita 140. Aliyafunika kwa khanga yake mpya.

Saa mbili usiku madumu yakawa matupu. Lilikuwa jambo la kheri, kaka! Pombe ikiisha ina maana watu wamekunywa. Mama alikuwa nyuma ya turubai, ameinama anasuuza dumu la mwisho, kata ikiwa mkononi. Wewe ukarudi na gari kutoka Ipogolo, umejaza kreti hadi kiti cha mbele. Nilifurahi nilipokuona. Halafu ukamnyang'anya MC maiki, ukasema, "Haya jamani, maji ya mianzi yamekwisha. Sasa tunywe pombe za watu."

Watu walicheka. Turubai zima. Upande wa bwana harusi ndio waliocheka zaidi.

Mimi nilikuwa namwangalia mama. Alisimama taratibu, kata bado inadondosha maji kwenye kanga yake, akatazama upande wa spika, si upande wako, kwenye spika, kama vile ile sauti ni ya mtu mwingine aliyejificha mle ndani. Kisha akaingia ndani. Walipomwita kwenye kumkabidhi binti, alitoka amebadilisha nguo na akacheza vizuri kuliko wote. Wewe uliondoka kesho yake saa kumi na moja alfajiri uwahi mlima Kitonga kabla ya malori. Hukuona yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya. Tangu siku hiyo, mgeni akija nyumbani, hata katibu wa kijiji, hata padri, mama hakumkaribisha ulanzi tena kama zamani. Alitanguliza, "Mnisamehe, bia sina." Kisha ndipo analeta mbeta. Miaka mitano, hadi alipofariki 2021, nimemsikia akiomba msamaha kwa sababu ya ulanzi nyumbani kwake mwenyewe, mwanamke aliyetusomesha wote watatu kwa ulanzi na komoni. Wewe hukuusikia msamaha huo hata mara moja. Mimi niliusikia kila wiki.

Ulikuwa umechoka na safari, najua. Ulitaka kuwachangamsha watu. Na sisemi ulikuwa mtoto mbaya. Bati la nyumba hii ni jasho lako. Mama alipolazwa, kila shilingi ilitoka kwako, na ulikesha kwenye benchi siku sita na suti ya kazini. Nimewaambia watoto wangu hayo yote. Nawaambia baba yenu mkubwa ni mtu. Ila nakushauri kama mdogo wako, na ushauri wa mdogo nao ni ushauri: ukirudi kijijini, usishike maiki kabla hujazunguka jikoni ukasalimia waliopika. Uliza kwanza kilichobaki. Kikiwa kimekwisha, sema asante, ndipo ushushe kreti. Bia ya dukani ni mgeni mzuri sana, anapokelewa, anakaa, lakini hafiki akamwambia mwenye nyumba ampishe.

Na kama ni kusema kweli yote, aliyepokea chupa ya kwanza usiku ule nilikuwa mimi. Uliita jina langu, ukanirushia Safari kutoka kwenye buti la gari, nikaidaka, watu wakashangilia. Mama alikuwa bado hajafika mlangoni. Sijui kama aligeuka. Ningefanya nini? Wakwe walikuwa wanatutazama. Ningeiacha ianguke ipasuke miguuni pao? Ningekubishia wewe, kaka yangu mkubwa, mbele ya ukoo mwingine, siku ya mdogo wetu? Wewe ndiye uliyekuwa na maiki. Mimi nilikuwa na chupa tu.

Sasa lile la kichaka cha mianzi cha mama.

Uliniambia kwenye simu kwamba nimemuua mama mara ya pili. Neno hilo nimelibeba mwaka mzima. Ndiyo, nimeng'oa milanzi, mianzi ile ya ulanzi. Nimepanda miche 60 ya parachichi, Hass, ile ile inayopandwa na kila mtu kuanzia huku hadi Njombe na Rungwe. Mwaka wa tatu inaanza kuzaa. Niambie wewe, nani angegema? Mzee aliyekuwa akigema kwa mama sasa hapandi hata ngazi ya mlango wa kanisa. Kijana wake yuko Mufindi kwenye mbao. Mlanzi hautaki mtu wa Jumamosi. Unamtaka asubuhi na jioni, Desemba hadi Mei, mvua ikinyesha mgongoni, na ulanzi wenyewe haulali, usipouzwa leo kesho ni siki. Mimi nina shule ya kufundisha. Wewe uko Dar. Mdogo wetu yuko kwake. Tungekiacha kichaka kisimame tu ili ukija mara moja kwa miaka miwili upige nacho picha?

Mwanangu wa kwanza anaingia chuo. Hiyo ada nani ataitoa? Najua ungesema nikuombe wewe. Sitaki kukuomba. Labda hapo ndipo tunapokoseana, sijui. Nilikuwa na haki ya kufanya nilichofanya, na nilikwenda kwa wazee kwanza, na nililia wakati tunachimbua mashina. Mizizi ile, kaka. Tulichimba siku nne, watu watatu, na jembe moja likavunjika mpini. Ilikuwa imeshikana kama vidole vya watu wanaoomba.

Ungekuwa na uchungu na milanzi ungeuonyesha 2016.

Nisamehe, hilo sikutaka kuliandika, lakini sitalifuta.

Kuna kitu sikukuambia kwa sababu ulikata simu. Shina moja nililiacha, lile la karibu na bomba, tulipokuwa tunachezea maji. Mwezi wa Januari lilitoa chipukizi nne. Nilizikata mwenyewe kwa kisu cha mama, vibaya, mbili zikaoza. Mbili zikatoa. Nilipata kama kikombe kwa siku, na asubuhi moja nilimkuta nyuki mmoja, nikamtoa kwa kijiti nikamweka juu ya jani. Sikumwambia mtu. Nilikunywa nimesimama pale pale, kabla ya kengele ya shule.

Na mbeta ya mama ninayo, ile iliyopasuka mdomoni ikafungwa waya. Jana hiyo Safari niliimimina humo. Povu lilipanda likakaa muda mrefu, kisha ule uchungu ukaingiliana na harufu ya mbeta, siki kidogo, moshi kidogo. Si ulanzi. Lakini haikuwa bia peke yake. Nilikunywa taratibu hadi moto ukazimika, na chupa ya pili sikuifungua.

Januari shule inafungua tarehe za mwanzo, kwa hiyo njoo kabla, Krismasi, chipukizi zitakuwa zimeanza. Basi za asubuhi zinafika Igumbilo saa tisa, nitakupokea na pikipiki. Kreti usipakie. Kama utataka Kili yako, ninunue siku ngapi kabla ili ikae nje ipate baridi? Nijibu hilo tu, hata kwa ujumbe mfupi.