Jiwe likishang'olewa halina kaskazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha mliyochapisha hivi karibuni, ya bamba la jiwe la mchanga lililoegemezwa ukutani, na maelezo mafupi chini yake kwamba lilipotoka palikuwa na mto wa kale. Kuhusu mto sina ubishi. Mistari iliyoinama ndani ya bamba ni ya namna ambayo maji huiacha, na mpiga picha wenu ameinasa vizuri sana. Kinachoniuma ni kwamba jiwe limeng'olewa, limesafishwa, likapendezeshwa, na hakuna popote panaposemwa lilikuwa limelala upande gani.

Mimi ni mjiolojia, na kazi yangu ya kila siku ni kupima matabaka ya mawe ya namna hiyo. Watu wengi hudhani kila kitu kimo ndani ya jiwe, kwamba ukishalibeba umebeba na habari zake. Sivyo. Sehemu kubwa ya habari imo katika namna lilivyolala na kilicholala juu na chini yake.

Chukua mistari ile yenyewe. Mto unaopita juu ya mchanga hujenga matuta chini ya maji. Chembe hupandishwa mgongo wa tuta, wenye mteremko mdogo, na zikifika kileleni huporomoka upande wa pili, ule unaotazama maji yanakokwenda. Kila poromoko huacha utando mmoja mwembamba ulioinama. Tuta linasogea, utando juu ya utando, na mchanga unapokuja kufukiwa na kugeuka jiwe, mwinamo wa tando hizo unabaki ukionyesha mto ulikuwa unaelekea wapi. Weka dira juu ya utando huo ungali mwambani, utasoma mwelekeo wa maji yaliyopita miaka milioni mia moja nyuma. Weka dira hiyo hiyo kwenye bamba lililoegemezwa, utasoma mwelekeo wa ukuta.

Tena utando mmoja hautoshi. Mto wenye mikunjo mingi huelekea huku, kisha kule, hata mahali pengine ukarudi nyuma, kwa hiyo tunapima kwa makumi na kuangalia vipimo vimetawanyika kiasi gani. Mtawanyiko wenyewe ni ushahidi: mto uliogawanyika katika mikondo mingi isiyo na mikunjo mikubwa hutoa vipimo vilivyokaribiana zaidi. Na kama ardhi imepinda baadaye, ni lazima kwanza uyarudishe matabaka kwenye ulalo wake wa mwanzo kwa hesabu.

Kina cha maji nacho hupatikana. Tuta halifukiwi zima, maana linalofuata hukwangua sehemu ya juu na kuacha takriban theluthi ya chini. Kwa hiyo, seti za tando, yaani mafungu ya tando yaliyoachwa kila moja na tuta lake, zikiwa na unene wa wastani wa sentimita 20, matuta yalikuwa na kimo cha kama sentimita 60, na kwa kuwa kina cha mto huwa kati ya mara 6 na mara 10 ya kimo cha matuta yake, maji yalikuwa na kina cha kama mita 4 hadi 6. Ni makadirio, lakini hayawezekani kwa bamba lililokatwa juu na chini ili lipendeze.

Sababu nyingine ya kutolitenga jiwe na matabaka jirani ni kwamba mistari iliyoinama si ya mto peke yake. Upepo pia hujenga matuta. Jiwe la mchanga liitwalo Navajo, magharibi mwa Marekani, lina tando zilizoinama zenye kimo cha mita kadhaa, na ni kazi ya upepo wa jangwa. Anayetaka kusema mto anatafuta zaidi: changarawe chini, mchanga unaozidi kuwa laini kadiri unavyopanda, halafu tope la uwanda wa mafuriko lenye nyufa za kukauka na alama za mizizi.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka mbali mno. Mwaka 2012 gari la uchunguzi Curiosity, katika kreta ya Gale, shimo kubwa kwenye sayari ya Mirihi, lilipiga picha za kokoto zilizoviringika, zimegandamana na mchanga. Halikubeba jiwe hata moja kurudi nyumbani. Lakini vipimo vya kokoto vilijulikana kutokana na picha, na wataalamu wakakadiria kijito kilichofika kati ya kifundo cha mguu na kiuno. Basi sisi tunaoweza kuugusa mwamba kwa mikono tuna kisingizio gani?

Hata mifupa inayopewa kurasa za mbele inategemea mchanga huu. Rukwatitan, dinosaria mkubwa aliyetangazwa mwaka 2014 kutoka bonde la Rukwa, alizikwa mara mbili: kwanza katika mashapo ya uwanda wa mafuriko, kisha mkondo wa mto ukamfukua sehemu na kumfukia tena. Habari hiyo waliisoma katika mashapo yaliyomzunguka. Angechimbuliwa kwa haraka tungebaki na mifupa tu.

Ombi langu kwa wachimbaji wa mawe, walimu na wapenzi wa mawe ni dogo. Kabla ya kung'oa, piga picha ya ukuta mzima wa mwamba ukiwa na rula kando yake. Chora kwenye jiwe mshale wa kaskazini na mwingine wa kuonyesha juu, kwa rangi isiyofutika. Andika mahali. Na kwenu, Mhariri, mkipokea picha ya namna ile tena, mwulizeni aliyeileta mambo hayo matatu, na majibu yake myachape chini ya picha, hata kama jibu ni kwamba hajui.

Wako,
Mjiolojia, msomaji wenu wa siku nyingi