Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mhazini, na orodha ya wanaodaiwa ada iko ubaoni. Kila mtu ajitafute. Mimi nina neno juu ya breki za gari letu la zamani.

Mkutano uliopita ulikuwa na mvutano. Wengi walitaka pesa ziende kwenye taa za shaba za Ford Model T yetu, ile tuliyoiunga wenyewe kwa spea za magari tofauti na kuivisha bodi ya mbao. Kamati ikashikilia breki kwanza, na hadi leo sioni kwa nini tuombe radhi.

Kwa wanachama wapya: Model T, iliyoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, pedali yake ya breki haigusi magurudumu. Inabana bendi, yaani mkanda wa kukaza, kwenye dramu iliyo ndani ya giaboksi, na nguvu hiyo hupita kwenye propela shafti, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na ekseli ndipo ifike nyuma. Kimoja kikikatika njiani, breki huna. Ndani ya difu za zamani kuna washa, yaani vipete bapa, za metali laini ambazo humeguka kwa uzee. Zikiisha, meno ya gia huachana. Hendibreki ipo, ila ni ya kuegesha na ya dharura, si ya kuteremkia mlima kama wa Mai Mahiu.

Sasa kila gurudumu la nyuma la gari letu tumeliwekea bendi inayoikumbatia dramu kwa nje, inayovutwa na pedali ileile. Shughuli ilikuwa kuiseti: bendi za nyuma zishike kwanza, ya giaboksi ifuate mguu ukizidi kukanyaga. Fundi alilala chini ya gari, akakaza nati nusu mzunguko, akatoka kuzungusha magurudumu yakiwa juu ya jeki, kulia, kushoto, akisikiliza, akarudi chini. Zisiposhika sawasawa, gari huvutwa pembeni. Washa za difu nazo tumeweka za shaba nyeusi.

Madereva wajue: gari likirudi nyuma, bendi hizi hazishiki vizuri, na zikilowa huteleza. Baada ya mvua, kanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke. Na magurudumu ya mbele bado hayana breki, kwa hiyo tusizifuate matatu kwa karibu.

Anayetaka seti ya bendi hizi kwa gari lake aandikishe jina kwa katibu kabla ya chai, ili tuagize kwa pamoja na kugawana gharama za kusafirisha mzigo.