Risala ya Klabu ya Besiboli kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Msimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni, na karibuni sana shuleni kwetu.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja Jumamosi ya leo. Tunajua wengi mliokaa hapo mlidhani mmeitwa kuangalia kriketi. Hatukasiriki, tumezoea. Mama anayeuza maandazi getini anatuita "wale watoto wa marungu", na anatukopesha vilevile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, besiboli ilitufikia kwa mikono ya Wajapani, walimu na watu wa kujitolea. Ndiyo maana mashindano ya taifa yanaitwa Koshien, jina la uwanja wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924 ambako wanafunzi wa sekondari wa kule hushindana hadi leo. Ndiyo maana pia uwanja wa besiboli pale Azania, Dar es Salaam, ulijengwa kwa msaada wa Japani, na sisi kabla ya mazoezi tunavua kofia na kuuinamia uwanja. Lakini asili ya mchezo ni Marekani, na ombi letu la leo tumeliokota huko.

Marekani wana ukumbi maarufu wa heshima wa besiboli katika mji wa Cooperstown, jimbo la New York. Ule ni wa watu wa ligi kubwa, wanaolipwa. Mchezaji aliyeng'ara chuoni, kisha akafika kwenye ligi kubwa akawa wa kawaida, hana nafasi pale. Kocha aliyetumia maisha yake yote kufundisha vijana wa chuo, hali kadhalika. Mwaka 2004 ikaanzishwa taasisi ya besiboli ya vyuo, iliyoanzia Lubbock, Texas, na mwaka 2006 ikaingiza watu wa kwanza katika ukumbi wa heshima wa vyuo peke yake: wachezaji watano na makocha watano.

Tunaomba mwangalie hesabu hiyo. Tano kwa tano. Mchezaji hakupewa uzito kuliko aliyemfundisha.

Miongoni mwa wale wachezaji yumo Robin Ventura wa Oklahoma State, ambaye mwaka 1987 alipiga mpira na kufika beisi, yaani kituo cha mkimbiaji, salama katika mechi 58 mfululizo. Yumo pia Brooks Kieschnick wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyekuwa akirusha na kupiga, vyote kwa ustadi. Kwenye ligi kubwa Kieschnick hakuwa nyota. Mtu akitaka kumpima kwa miaka ile atasema ni mchezaji wa kupita tu. Ukumbi wa vyuo unampima kwa alichokifanya akiwa mwanafunzi, na sisi tunaona hiyo ndiyo haki. Kati ya waliokuja kuingizwa baadaye yumo Jim Abbott wa Michigan, aliyezaliwa bila kiganja cha kulia. Alikuwa akirusha mpira kwa mkono wa kushoto huku glovu ameiegemeza kwenye mkono wa kulia, na mpira ukishatoka tu, kiganja cha kushoto kinazama ndani ya glovu tayari kudaka. Wenzetu wawili wamelijaribu jambo hilo kwa viganja viwili vizima. Mmoja alivunja kioo cha bwalo, na ameomba tusimtaje.

Lakini hadithi tunayoipenda zaidi ni ya mwaka 1973, Mheshimiwa, na kwa ruhusa yako tutaisimulia hata kama ratiba itachelewa kidogo.

Ilikuwa Omaha, Nebraska, kwenye fainali za vyuo, hatua ya nusu fainali. Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa na mrushaji mrefu anayeitwa Dave Winfield, kijana ambaye mwaka huohuo timu za besiboli, mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani zote zilimtaka. Upande wa pili walikuwa USC, yaani Chuo Kikuu cha Southern California cha Los Angeles, chini ya kocha Rod Dedeaux, mabingwa wa miaka mitatu mfululizo. Mchezo una zamu tisa. Kwa zamu nane Winfield aliwafunga USC kamba, hawakuambulia pointi hata moja. Zamu ya tisa inaanza, Minnesota saba, USC sifuri. Kwa mpira wetu wa miguu, hapo mashabiki wameshaanza kutafuta daladala.

USC wakaanza kufika kwenye beisi, mmoja, wa pili. Winfield akachoka, akatolewa kwenye kilima cha mrushaji na kupelekwa kulinda nje kushoto. Akasimama huko mbali akitazama pointi zake zinavyoliwa. Mchezo ukaisha USC nane, Minnesota saba. Siku iliyofuata USC wakatwaa ubingwa, lakini tuzo ya mchezaji bora wa fainali zile wakampa Winfield, aliyefungwa.

Miaka 33 baadaye, Winfield na Dedeaux wote wawili wakawa katika lile kundi la kwanza la watu kumi. Aliyelia siku ile na aliyecheka, ukuta mmoja.

Huyu Dedeaux alifundisha USC kuanzia 1942 hadi 1986, akachukua ubingwa wa taifa mara 11, kati ya hizo tano mfululizo. Yeye mwenyewe kwenye ligi kubwa alicheza mechi mbili tu, mwaka 1935. Alikuwa na kampuni yake ya malori iliyomlisha, kwa hiyo mshahara wa ukocha ulikuwa wa jina tu. Wachezaji, wageni, karibu kila mtu yeye Dedeaux alimwita "Tiger". Na alikuwa rafiki mkubwa wa besiboli ya Japani, alipeleka timu na kupokea timu. Kwa hiyo hata kule kuinamia uwanja kwetu, huenda mzee yule angetuelewa kuliko mnavyotuelewa ninyi mliokaa kwenye turubai.

Dedeaux alifariki Januari 2006. Kundi la kwanza liliingizwa Julai ya mwaka huohuo. Hakuwahi kuliona jina lake pale.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo ombi letu lilipozaliwa.

Klabu yetu ina changamoto zake, nazo hazitachukua muda. Glovu hazitoshi, na ya mkono wa kushoto ni moja. Mipira mingine iko juu ya mwembe wa jirani. Tukisaidiwa tutashukuru, tusiposaidiwa tutaendelea kupokezana kama tulivyozoea. Ombi letu kubwa ni dogo: ubao mmoja wa mninga, futi nne kwa sita, utundikwe kwenye korido ya kuelekea ofisi ya walimu. Juu yake yaandikwe majina ya waliocheza vizuri wakiwa hapa shuleni, bila kujali walikofika baadaye, na upande wa pili, kwa idadi ileile, waliowafundisha na kuwahudumia. Fundi tunaye, ni mzazi wa mwenzetu wa kidato cha pili. Mbao ndizo hatuna.

Tulipolipeleka wazo hili kwenye kikao, tulikumbushwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukajibu kwa adabu kwamba mgema wetu hajawahi kusifiwa hata siku moja, kwa hiyo hatuna namna ya kujua.

Tunamsema mlinzi wetu wa uwanja, tunayemwita Babu. Hajawahi kushika kirungu. Ila kila Jumamosi kabla hatujafika ameshafyeka majani, amechora mistari kwa chokaa, na ametega ndoo ya maji kivulini. Ameona wachezaji wa klabu hii wote wakiingia na kutoka. Tunaomba, Mheshimiwa, ubao ukikamilika, urudi uandike jina la kwanza kwa mkono wako, na liwe lake. Yupo hapa leo, kiti cha mwisho karibu na mlango, amevaa koti.

Naomba kuwasilisha.